Moto Alionyimwa Konsolata

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko Jumapili zote nilizowahi kwenda kanisani, na siikumbuki kwa ajili ya mahubiri. Naikumbuka kwa ajili ya maharage. Kaa basi nikusimulie. Jana nilikuona unapuliza jiko kwa hasira, unatia magadi kwenye sufuria, unafunua kifuniko kila mara, kisha unanung'unika, "Bibi, maharage haya yananichelewesha." Sikukujibu. Mwenye haraka hasikii. Leo mvua imetuzuia kwenda shambani, utanisikia.

Nyumbani kwa baba yangu ni huku huku Ngara, juu ya mteremko unaotazama barabara kuu iendayo Rusumo, mpakani na Rwanda. Mama yangu, Veronika, alitoka Kirushya. Alikuwa akijisifu kwamba kwao mtoto huyajua maharage kabla hajalijua jina la babu yake. Kwenye arusi na misiba ya kata nzima yeye ndiye aliyeitwa kusimamia vyungu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, niko nyumbani nikisubiri posa, na Mama alikuwa ameapa kwamba sitatoka kwake kabla sijajua kupika maharage yakaiva bila kupasuka.

Alinifundisha hivi. Kwanza unayamwaga kwenye ungo, mahali penye mwanga. Unatoa mawe, unatoa udongo, unatoa yaliyobunguliwa na yaliyosinyaa. Unayaosha, unayaloweka tangu jioni. Asubuhi unamwaga yale maji, wala huyapikii, maana yamebeba gesi na uchungu. Unatia maji mapya, unawasha moto mkali mpaka chungu kitokote kwa kishindo, na hapo hukiondolei macho. Kikishatokota vya kutosha ndipo unapunguza kuni na kuyaacha yachemke taratibu. Maji yakipungua unaongeza ya moto. Chumvi ni ya mwisho, pamoja na kitunguu. Ukitaka kujua kama yameiva, unachota machache kwenye mwiko, unayapulizia. Ngozi ikibanduka yenyewe, bado kidogo tu. Kisha unalibonya moja kwa ulimi juu ya kaakaa. Likikataa, rudi ukakae.

Siku moja niliongeza maji ya kisimani, ya baridi, kwenye chungu kilichokuwa kinachemka. Mama alinipokonya kata. "Skola, nani kakufundisha kuyashtua maharage? Yalikuwa yamekwisha kukubali, sasa umeyagombeza. Utayabembeleza mpaka jioni." Na kweli niliyabembeleza mpaka jioni. Baba alicheka sana siku hiyo. Alikuwa mtu wa kucheka, baba yangu Bonifasi. Nataka ulijue hilo kabla sijafika mbele, usije ukadhani nakusimulia habari za mtu mbaya.

Basi ikaja miaka ile ya wakimbizi. Siwezi kukueleza watu walivyokuwa wengi. Tuliamka tukaona barabara imejaa vichwa na mizigo kama siafu waliohama, na baada ya muda mfupi vilima tulivyokuwa tukichungia mbuzi vikawa vya bluu kwa maturubai. Walitoka Rwanda, na kabla yao walikuwa wamekuja wa Burundi. Lugha yao na Kihangaza chetu ni mtu na mdogo wake. Sisi tukisema ibiharage wao wanasema ibishyimbo, lakini tumbo linaelewa yote mawili.

Kambini walipewa mgawo wa chakula: mahindi, mafuta, na maharage makavu. Sasa fikiri, mwanangu. Unampa mtu maharage makavu, humpi kuni. Vilima vilikuwa na miti, ndiyo, lakini watu wengi vile wakikata kila mmoja tawi moja, kilima kinabaki upara kabla mwezi haujaandama. Wanawake walitembea kutoka alfajiri kutafuta kuni, wakirudi jioni na vijiti vya kutosha kuchemshia uji tu. Hata sisi wenyeji tulianza kuokota mabua.

Ndipo akaja Konsolata. Alisimama mlangoni kwetu asubuhi moja, mwanamke kijana, amenizidi miaka michache, mtoto mgongoni na wasichana wawili wamemshika kanga. Yule wa mgongoni alikuwa wake, Emanueli, ameanza tu kuota meno ya nyuma. Wale wasichana walikuwa wa dada yake. Dada yake mwenyewe hakufika. Konsolata alipiga goti akasalimia, "Mwaramutse," kisha akamfungulia Mama fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na maharage mekundu, yamepauka.

"Mama," alisema, "nimeyapika tangu juzi. Nikipata kuni nayapika, zikiisha naepua, nikipata tena nabandika. Bado ni kokoto. Naomba nibandike kwenye moto wako, ukishamaliza kuutumia wewe."

Mama alichukua punje moja akaitia menoni. Ikalia *ka!* "Haya ni ya zamani," alisema. "Yamekaa ghalani mpaka yamesahau kwamba ni chakula. Maharage kama haya hayaogopi moto, yanaogopa maji. Mwanangu, hapa hatutabandika mara mbili. Yalete jioni yalale majini kwenye chungu changu, kesho yake tunapika yako na yetu kwa moto mmoja. Moto wa chungu kimoja na wa viwili ni ule ule."

Konsolata alitaka kulima migomba yetu kuwa malipo. Mama alikataa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wala hawakusema njoo mwenyeji akutumikishe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi. Jioni anayaleta, tunayachagua pamoja kwenye ungo mmoja, tunayaloweka. Siku ya pili tunayapika, anabeba chungu chake cha moto kichwani kurudi kambini. Mimi sikuwa na dada, mwanangu, na kwa muda ule nilikuwa naye. Aliniita mdogo wangu. Ni yeye aliyenionyesha kuzika chungu kwenye kapu la majani makavu ya mgomba ili kiive bila kuni. Unayachemsha kwa nguvu kwanza, muda mrefu, kisha unakiepua kikiwa bado kinatokota, unakifunika kwa majani pande zote kama mtoto mwenye baridi, na joto linaendelea na kazi. Mama, ambaye hakuwahi kufundishwa kitu na mtu kuhusu maharage, alilifungua lile kapu, akayaonja, akasema, "Ee!" Akaonja tena. Kisha akasema, "Lakini yakiingia humu kabla hayajachemka sana ni hatari."

"Kweli, Mama," Konsolata alimjibu. "Yatakuwa ya moto na bado yana sumu. Kwetu tulionywa tangu utotoni."

Emanueli alikuwa akitambaa jikoni kwetu akifuata kuku. Baba akitoka shambani alimbeba begani na kumwita mzee mwenzake. Usilisahau hilo nalo.

Sasa nije kwenye Jumapili yangu. Baba alikuwa na msitu mdogo wa mikaratusi mteremkoni. Aliipanda mwaka aliozaliwa kaka yangu, na ilikuwa ya kujengea nyumba ya kaka siku atakapooa. Aliipalilia, akaikinga na moto wa kiangazi, akaijua mmoja mmoja. Wakati ule wa uhaba alikuwa akilala kwa wasiwasi, mchana anaizunguka. Jumapili hiyo tulikwenda misani sote. Tuliporudi, mteremko ulikuwa mweupe. Vishina vilikuwa bado vinatoa maji. Walikuja mchana, watu wengi, wakijua kwamba wenyewe wako kanisani, wakaikata yote ila miwili mitatu ya chini mtoni.

Baba alipita kishina hadi kishina akivigusa kwa kiganja. Hakusema kitu. Laiti angelia au angetukana, huenda ingeishia pale. Hasira iliyonyamaza ni kaa lililofunikwa majivu: ukidhani limezimika ndipo unapokanyaga.

Tulipofika nyumbani, Konsolata alikuwa ametutangulia. Amekaa jikoni na Emanueli, anangoja tuwashe moto. Maharage yake yalikuwa yamelala majini kwenye chungu chetu tangu Jumamosi, yamevimba vizuri, yamekuwa laini kwa nje. Alisimama akamwamkia Baba.

Baba hakuitikia. Akamwuliza, "Umekuja kupikia miti yangu?"

"Mzee, sijaelewa."

"Mmekata miti yangu yote. Sasa mnataka na moto wangu?"

"Mzee, mimi nilikuwa misani kule kambini na watoto. Mimi sikukata."

"Si wewe, ni ndugu zako. Ni ninyi ninyi! Kuanzia leo hakuna mkimbizi atakayepika kwangu."

Akaingia jikoni, mahali ambapo baba yangu hakuwahi kutia mguu, akabeba kile chungu, akamwaga maji uani, akamgeuzia Konsolata maharage yake kwenye kitenge. Mengine yalianguka chini. Konsolata alipiga magoti akayaokota moja moja kutoka kwenye matope, akayapangusa kwa upindo wa nguo. Mama alikuwa ameshika mwiko. Mimi nilikuwa nimeshika ungo. Emanueli alimnyooshea Baba mikono abebwe kama kawaida, na Baba akageuka akatazama ukuta.

Konsolata alifunga fundo lake. "Mbaki salama," alisema, akaenda.

Nakuambia, mwanangu, maharage yakishalowekwa hayasubiri. Makavu utayaweka hata mwaka, lakini yaliyovimba yakikosa moto siku ile ile yanaanza kuchacha. Konsolata alijua hilo kuliko sisi. Alikuwa na watoto watatu hawajala tangu jana yake na chakula ambacho kesho kingekuwa cha kutupa. Akayapika kwa nyasi, kwa mabua, kwa vijiti vibichi vinavyotoa moshi bila moto. Chungu hakikutokota. Kilipata joto tu. Wale wasichana walivumilia wakatafuna kidogo. Emanueli alikuwa mdogo, akasagiwa akala akashiba.

Wote waliumwa tumbo. Wasichana walitapika wakapona. Mtoto alikuwa ametoka kuhara wiki iliyotangulia, hakuwa na akiba mwilini. Walimkimbiza kwenye hema la hospitali, na wauguzi, sitawasemea vibaya, walifanya waliloweza. Alikata roho kabla ya wiki kwisha. Muuguzi mmoja alimwambia Konsolata kwamba maharage yasiyoiva yana sumu na tumbo dhaifu haliiwezi. Wengine walisema ni maji ya kambi, maana maji yale nayo yaliua watu. Mimi si daktari. Najua tu kwamba wiki zote alizokula kwenye chungu chetu alikuwa akifukuza kuku.

Habari tuliletewa na katekista, Jumamosi, Baba akiwa shambani. Mama alikuwa amebandika maharage ya mchana. Alimsikiliza katekista mpaka mwisho, akamsindikiza, akarudi, akavuta kuni zote kutoka chini ya chungu akazizima kwa maji. Nikamwambia, "Mama, hayajaiva." Akasema, "Najua."

Baba aliporudi, Mama alimnawisha mikono kama siku zote, akamwekea sahani. Baba akatia kijiko kinywani, akauma, akasita, akatema kiganjani.

"Mama Skola, haya hayajaiva."

"Kula."

"Nasema hayajaiva. Unataka niumwe?"

"Ndiyo aliyokula Emanueli," Mama alisema. "Wamemzika jana." Sauti yake haikupanda. "Bonifasi, nimeishi nawe miaka yote hii sijakuinulia mdomo. Leo nitasema, kisha nitanyamaza. Aliyekukatia miti alikimbia na miti. Ukamkosa. Ukamtafuta aliye karibu, asiye na mbio, mwenye mtoto mgongoni, ukamlipisha yeye. Hiyo si haki, Bonifasi, ni kumpiga mbuzi kwa mvua asiyoiita. Na mimi nilisimama na mwiko wangu nikakutazama, kwa sababu wewe ni mume. Nitaulizwa na Mungu kwa ule mwiko. Miti yako itachipua, mkaratusi haufi kwa kukatwa. Haya, kula, au niondoe sahani?"

Baba alikaa na yale maharage kiganjani mpaka yakapoa. Sijawahi kumwona mtu mzima amepungua hivyo akiwa amekaa pale pale. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini ya baba yangu hayakungoja kuzaliwa mara mbili. Yalikuja mchana ule yakakaa naye mezani.

Alasiri hiyo hiyo alikwenda mtoni, akaiangusha ile miti miwili mitatu iliyobaki, akaipasua. Kesho yake alibeba mzigo wa kuni mpaka kambini kumpelekea Konsolata. Alikuta turubai limefungwa. Majirani walimwambia amewachukua wasichana na kuondoka, amesikia ana shangazi kwenye kambi nyingine, upande wa kuelekea Biharamulo. Baba alirudi bila kuni. Aliwapa wale majirani.

Aliulizia sana. Kila gari lililotoka upande ule, kila mtu aliyepita, aliuliza kama wamemwona Konsolata wa namna hii na hii. Lakini kina Konsolata kwenye kambi walikuwa wengi kama nyota.

Baada ya hapo alimwambia Mama, "Nifundishe kupika maharage." Mama akadhani amechanganyikiwa. Mwanamume wa rika lake kukaa jikoni kwetu ilikuwa ni aibu. Lakini aliingia, akakaa kwenye kigoda, akaomba ungo. Vidole vyake vilikuwa vimezoea jembe, havikuweza kutofautisha jiwe na punje, akayaleta karibu na macho moja moja. Aliyaunguza. Akayaongezea maji baridi kama nilivyofanya mimi, na hakuna aliyemcheka. Akajifunza. Ikawa kila Jumapili baada ya misa anabandika chungu kikubwa, na watoto wa wakimbizi waliokuwa wakipita kutafuta kuni wanajua kwamba kwa Bonifasi kuna maharage yaliyoiva. Wanaume wenzake walisema mke amemroga. Aliendelea kuchochea kuni. Alikuwa hachoti mpaka ayabonye kwa ulimi mwenyewe, na hata yakiwa yameiva kabisa alikuwa akisema, "Tuyaache kidogo tena."

Kucheka alikuwa ameacha.

Kisha ukafika wakati wa wao kurudi kwao. Watu walitakiwa waondoke, wakashika barabara, na ile barabara ya Rusumo ikajaa tena kama siku ya kwanza, safari hii vichwa vikielekea kule vilikotoka. Baba alisema, "Wote lazima wapite hapa." Akaloweka maharage jioni. Asubuhi akayapika, akakiweka chungu kwenye kapu la majani ya mgomba, lile la Konsolata, tukalibeba mimi na yeye hadi kando ya barabara. Akakaa juu ya jiwe na kofia yake magotini akitazama nyuso. Jua lilipozama aligawa kile chakula kwa watoto waliokuwa wakipita, tukarudi. Asubuhi akarudia hivyo. Nikamwambia, "Baba, huenda amepita tusimwone." Akasema, "Huenda." Akaloweka tena.

Ni mimi niliyemwona. Alikuwa amekonda, ana furushi kichwani, na wale wasichana wamekua, mmoja mbele mmoja nyuma. Nikapiga kelele, "Dada Konsolata!" Akageuka. Uso wake ulifurahi, kisha akamwona Baba nyuma yangu, ukajifunga.

Baba alivua kofia. Mzee yule, mwanangu, alipiga magoti barabarani mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake, watu wakitupita kushoto na kulia na mizigo yao.

"Mwanangu, nimekutafuta," alisema. "Nilikunyima moto. Sina neno lingine. Nimekuletea maharage."

Konsolata akasema, "Inuka, Mzee. Watu wataniona sina adabu." Nikapakua. Wasichana walikula wakiwa wamesimama, kwa haraka ya watu wanaosukumwa. Mdogo alitafuna akamtazama Konsolata usoni, akasema, "Haya yameiva." Hakuwa na maana mbaya. Ni mtoto. Lakini nilimwona Baba akifumba macho.

Konsolata mwenyewe hakula.

"Konsolata," Baba alisema, "unaweza kunisamehe?"

"Langu nilikusamehe zamani, Mzee. Nilisamehe ili niweze kulala. La Emanueli silo langu, siwezi kulitoa. Hilo utamwomba mwenyewe utakapofika aliko." Akahamisha furushi lake kichwani. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Lakini kuna neno nitakuomba. Kaburi lake liko kilimani, nyuma ya yalipokuwa mahema ya hospitali, mstari wa mwisho, nimeweka mawe matatu. Mimi nakwenda, sijui kama nitarudi. Nyasi zitaota. Wewe ndiye unayebaki."

"Nitalipalilia," Baba alisema.

"Basi." Akanishika mkono, akanikumbatia kwa mkono ule mmoja usioshika mzigo. "Mdogo wangu, ubaki salama. Mwamkie Mama." Nikasahau kumwuliza kilima cha kwao kinaitwaje, nikasahau jina la baba yake, nikasahau kila kitu ambacho kingenisaidia kumtafuta. Nililia tu. Watu wakamchukua kama mto unavyochukua jani, na sijamwona tena mpaka leo ninapozeeka mbele yako.

Baba alilipalilia lile kaburi mpaka magoti yakamshinda. Hakulikosa kwa mvua wala kwa jua. Alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema, "Skola, nilijua kutunza miti. Nilijua mti unahitaji miaka kukua. Sikufikiri kwamba na mtoto ni hivyo hivyo." Mikaratusi yake ilikuwa imechipua yote, mirefu kuliko ya kwanza, kama Mama alivyosema, na kaka alijengea nyumba. Baba hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile akakaa kwa raha.

Mwanangu, sikukusimulia haya ili ulie. Sikiliza sasa, maana mvua inakatika na utataka kukimbia.

Maharage uyachague kwa mwanga, uyaloweke mapema, umwage maji ya kwanza, uyape moto mkali mwanzo na subira mwisho. Usimlishe mtu, na zaidi mtoto, chakula ambacho ulimi wako wenyewe haujakithibitisha. Haya ni ya jikoni, na ukiyashika hayatakudanganya.

Ya pili ni ya moyoni, ndiyo magumu. Utakosewa. Watakuja watu wakukatie miti yako uliyoipanda kwa jasho, na wewe uko kanisani unasali. Utaumia, na una haki ya kuumia. Siku hiyo usimhukumu mtu yeyote aliye karibu nawe. Nenda ukalime, nenda ukateke maji, nenda hata ukalale, ila usiguse chungu cha mtu. Aliyekukosea ana jina lake. Kama hulijui, usimwazime mwingine jina hilo kwa sababu tu wametoka kijiji kimoja au wanasema lugha moja. Na ukiwa wewe ndiye umeshika mwiko, unamwona mpendwa wako anakosea, sema wakati huo huo. Mama yangu alisema maneno mazuri sana, lakini aliyasema Jumamosi, na yalihitajika Jumapili.

Na ukikosea, kama baba yangu alivyokosea, usikae na majuto kama mtu anayeatamia yai bovu. Yape kazi. Hayataisha, sikudanganyi, lakini mtu mwenye jembe mkononi huwa na nafuu kuliko aliyekunja mikono.

Mungu akujalie moto usiozimika, na moyo wa kumsogezea mwenzako aote. Akuepushe na hasira ya mchana mmoja inayokula miaka. Watoto wako wale washibe, na wa jirani yako pia, na asiwepo hata mmoja atakayetoka mlangoni pako ameshika fundo lililolowa. Nenda salama, mwanangu. Amina.